Simu Inasikia, Mnara Hausikii: Kuchagua Wi-Fi ya Nje kwa Mahali kama Nyabibuye

Kwenye boksi la karibu kila eksesi pointi ya nje kuna namba moja iliyoandikwa kwa herufi nene: mita 200, mita 500, wakati mwingine kilomita nzima. Namba hiyo ndiyo inayouza. Mtu anasimama dukani Kariakoo au Mwanza, hela ya mradi iko mfukoni, mbele yake kuna maboksi mawili. Moja linasema mita 200, jingine mita 500, na hilo la pili limezidi bei kidogo tu. Wewe ungechukua lipi?

Nimeandika makala hii kwa ajili ya huyo mtu. Huenda ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye mradi wa mtandao, huenda ni mwalimu aliyeambiwa "wewe si ndiye unajua kompyuta?" au ni katibu wa kamati ya shule iliyochangisha hela na sasa haina nafasi ya kununua mara mbili. Eksesi pointi, kwa asiyelizoea jina, ni kile kifaa kinachorusha Wi-Fi hadi kwenye simu yako. Ya ndani hukaa darini au ukutani. Ya nje hukaa kwenye nguzo au paa, inanyeshewa, inaunguzwa na jua, na watu wanaotaka kuitumia wametawanyika hovyo, tena mbali.

Nitaichukua Nyabibuye kama uwanja wa mazoezi, kwa sababu huko kila kosa la kuchagua kifaa linaonekana haraka.

Mahali penyewe

Nyabibuye ni kata ya wilaya ya Kakonko, mkoani Kigoma. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na inapakana na Burundi. Kama umewahi kusafiri kutoka Nyakanazi kwenda Kibondo hadi Kasulu, unaijua sura ya nchi: vilima vinafuatana, nyumba za matofali ya kuchoma na bati zimekaa juu mgongoni, mashamba ya mihogo, mahindi na maharage yanateremka mpaka bondeni, migomba iko karibu na nyumba, na mikaratusi imepandwa mistari mistari. Mvua huanza karibu na Oktoba na kuendelea mpaka kama Mei. Na huja na radi. Tutairudia radi.

Mtandao wa simu vijijini umesogea, hilo tusilikatae. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 nchi nzima. Lakini nchi ya milima ina tabia yake. Mnara unaweza kuwa kilomita chache tu kutoka kwako, kilima kikakaa katikati, na ukabaki na mahali pawili au patatu pa kusimama ndipo simu ipate kitu. Kijana wa kidato cha nne anayetaka kurekebisha machaguo yake kwenye Selform ya TAMISEMI kabla dirisha halijafungwa hahitaji hotuba juu ya mapinduzi ya kidijitali. Anahitaji ukurasa ufunguke, na ukifunguka, alichojaza kifike.

Tuchukulie basi mradi wa kawaida. Huu ni mchoro wa mfano, si ramani ya kata. Shule ya sekondari iko juu ya mgongo wa kilima. Zahanati iko mita 300 kutoka shuleni, chini kidogo mtelemkoni. Upande wa pili kuna ofisi ya kata na soko. Intaneti nzuri inapatikana kwenye kilima kingine, umbali wa kilomita 5, ambako tumepata ruhusa ya kufunga kifaa. Tunataka wanafunzi, wahudumu wa zahanati na watu wa sokoni wote waunganishwe kwa simu zao za kawaida.

Maongezi yana pande mbili

Fikiria umesimama upande mmoja wa bonde na mwenzako yuko ng'ambo. Wewe una kipaza sauti, yeye hana. Utamwita, atakusikia vizuri kabisa, atajibu, na wewe hutasikia kitu. Utaongeza sauti. Atakusikia vizuri zaidi, na bado jibu lake halitafika.

Hiyo ndiyo Wi-Fi ya nje, kwa ufupi. Simu yako hairushi mawimbi kwa nguvu kubwa, maana ina betri ndogo na antena imefichwa ndani ya plastiki. Kwa kawaida Wi-Fi ya simu hurusha makumi machache tu ya miliwati. Eksesi pointi inaweza kurusha mara kumi ya hapo. Na ile alama ya Wi-Fi juu ya kioo, vile vijimstari tunavyoviamini sana, huonyesha jinsi simu inavyoisikia eksesi pointi. Havisemi lolote kuhusu jinsi eksesi pointi inavyoisikia simu. Ndiyo maana unaweza kukuta mtu ana alama imejaa, ukurasa haufunguki, na anamlaumu mwenye bando.

Tuweke hesabu, si ngumu. Wahandisi hupima nguvu ya mawimbi kwa desibeli, na faida yake ni kwamba unajumlisha na kutoa badala ya kuzidisha. Desibeli 3 ni mara 2, desibeli 10 ni mara 10. Ukiongeza umbali mara mbili mahali pa wazi, unapoteza desibeli 6. Nguvu inayopokelewa huandikwa kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri: hasi 60 ni raha tupu, hasi 80 unajikokota, hasi 90 karibu kila kitu kimekatika.

Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ikisafiri mita 300 hewani hupoteza kama desibeli 90. Ongeza 10 kwa ajili ya mkono ulioshika simu, mwili, majani ya migomba, ukuta. Jumla 100. Simu inarusha miliwati 32, ambazo ni desibeli 15 juu ya miliwati moja, na eksesi pointi ina antena inayoongeza desibeli 5. Kutoka zahanati kwenda shuleni tunapata 15 jumlisha 5 toa 100, yaani hasi 80. Eksesi pointi nayo ikirusha kwa nguvu ileile ya simu, upande wa kurudi unapata hasi 80 vilevile. Pande mbili zinalingana, japo kwa kujikokota.

Sasa nunua lile boksi la mita 500, ambalo kwa kawaida limepata sifa yake kwa kuongeza nguvu ya kurusha mara kumi. Simu zahanatini itasikia hasi 70. Alama inajaa, watu wanapiga makofi. Na upande wa simu kujibu? Hasi 80, palepale ilipokuwa jana. Hela imenunua nusu ya maongezi.

Antena ni habari tofauti. Antena haitengenezi nguvu, inazikusanya na kuzielekeza, kama unavyoweka viganja mdomoni ukiita na nyuma ya sikio ukisikiliza. Antena inayoongeza desibeli 13 badala ya 5 inasaidia kurusha na inasaidia kusikia kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo unapolinganisha vifaa viwili, acha kwanza mstari wa nguvu ya kurusha, tafuta mstari wa antena na mstari wa usikivu wa kupokea. Watengenezaji huviweka mwishoni mwa karatasi ya maelezo, kwa maandishi madogo, na mimi binafsi huanza kusoma hapo.

Kuna na suala la sheria. Nguvu ya kurusha kwenye mawimbi haya yasiyo na leseni ina ukomo unaowekwa na TCRA, na vifaa vyenyewe vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na mamlaka hiyo. Kifaa huuliza uko nchi gani ili kijiwekee mipaka. Utakutana na fundi atakayekwambia chagua nchi nyingine, "itavuta zaidi". Haitavuta. Utakuwa umevunja kanuni ili kuongeza sauti ya kipaza sauti ambacho tatizo lake si sauti.

Kilomita 5 ni rahisi kuliko mita 300

Hapa ndipo watu wengi hunitazama kwa shaka. Kiungo kutoka kilima cha jirani hadi shuleni, kilomita 5, ndicho sehemu nyepesi ya mradi wetu. Kwa nini? Kwa sababu pande zote mbili ni zetu. Tunaweza kuweka sahani ndogo ya antena kila upande, kila moja ikiongeza desibeli 23, zikatazamana.

Kwa mawimbi ya gigahezi 5.8, kilomita 5 hupoteza kama desibeli 122. Redio ikirusha miliwati 10 tu, kidogo kuliko simu yako, hesabu inakuwa 10 jumlisha 23 jumlisha 23 toa 122: hasi 66. Linganisha na ile hasi 80 ya zahanati iliyo mita 300. Ni nguvu mara 25 zaidi, kwa umbali uliozidi mara 16. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela waliunganisha vifaa vya Wi-Fi kati ya vilele viwili vilivyoachana kilomita 382. Hawakutumia maajabu. Walikuwa na antena nzuri pande zote mbili, na hakuna kitu katikati.

"Hakuna kitu katikati" inahitaji maelezo, maana kuona kilima cha pili kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba, yanahitaji nafasi pembeni ya mstari wa kuonana. Nafasi hiyo inaitwa ukanda wa Fresnel, na umbo lake ni la muhogo: mwembamba kwenye ncha, mnene katikati. Kwa kilomita 5 na gigahezi 5.8, unene kutoka katikati kwenda nje ni kama mita 8, na angalau asilimia 60 ya hapo, karibu mita 5, iwe tupu kabisa. Kwa hiyo mti uliosimama katikati ya njia, hata kama kilele chake kiko mita 3 chini ya mstari wa macho, tayari unaingia kwenye muhogo.

Na Kigoma miti inayopandwa ni mikaratusi, ambayo hukua upesi. Unafunga kiungo leo, kinafanya kazi vizuri, mwaka wa pili kinaanza kusuasua, mwaka wa tatu kimekufa na hakuna aliyegusa kitu. Ukipima njia, usiulize tu miti ina urefu gani. Uliza shamba ni la nani na anakusudia kuvuna lini.

Kuhusu mvua: kwa gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita chache, matone yenyewe hayapunguzi kitu cha kuonekana. Lakini majani yaliyolowa hupunguza, maji yakiingia kwenye plagi huharibu, na mawingu ya siku tatu humaliza betri. Mtu akikwambia "mtandao haupendi mvua", muulize ni kipi kati ya hivyo vitatu.

Kwa hiyo kifaa cha kuunganisha kilima na shule ni kitu kimoja, na eksesi pointi ya kuhudumia watu ni kitu kingine. Usikubali kimoja kifanye kazi zote mbili ili kupunguza gharama. Kuna mfumo ambapo eksesi pointi hupokezana mawimbi zenyewe kwa zenyewe bila waya, wauzaji huusifu sana. Kama kifaa kina redio moja tu kwa kupokea na kurusha, kila hatua ya kupokezana inakula karibu nusu ya kasi. Hatua moja inavumilika. Tatu, umebaki na mabaki.

Chapati juu ya kilima

Antena ya pande zote, ile inayofanana na fimbo, ndiyo watu huichagua bila kufikiri: "tunataka kila mtu apate". Tatizo ni kwamba antena haiumbi nguvu. Ikiongeza upande mmoja, imepunguza pengine. Fimbo inayoongeza desibeli 8 hivi imechukua nguvu za juu na chini na kuzibana ziende pembeni. Mawimbi yake yana umbo la chapati iliyolala, yenye unene wa nyuzi kama 15 hivi, yaani nyuzi 7 na nusu juu ya usawa na nyuzi 7 na nusu chini.

Dar es Salaam, kwenye tambarare, chapati hiyo haina shida. Iweke sasa juu ya kilima chetu. Nyumba iliyo mita 200 kwa mlalo na mita 60 chini ya antena iko kwenye pembe ya karibu nyuzi 17. Chapati inapita juu ya bati lake. Aliye kilima cha pili, mbali, anaweza kupata mawimbi mazuri kuliko aliye chini ya pua ya mnara. Ukinunua fimbo kubwa zaidi, chapati inakuwa nyembamba zaidi na hali ya jirani inazidi kuwa mbaya.

Kwa milimani mimi hupendekeza mojawapo ya mambo mawili. Kama watu wako wapo karibu na wamezunguka nguzo, uwanja wa shule kwa mfano, chukua antena ya pande zote yenye nyongeza ndogo, desibeli 3 hadi 5, ambayo chapati yake ni nene kama andazi. Kama watu wako upande mmoja, zahanati na nyumba za mtelemkoni, chukua antena ya sekta, ile inayomulika kipande cha duara kama nyuzi 90, kisha iinamishe itazame chini kwenye mtelemko. Kuinamisha hakuna gharama, ni spana tu.

Na usiifunge juu ya bati ukitegemea darasa lililo chini yake lipate. Bati ni chuma, na mawimbi hayo hayapiti kwenye chuma, yanapita madirishani. Eksesi pointi iliyofungwa chini ya upenu, ikitazama madirisha ya madarasa ng'ambo ya uwanja, mara nyingi hushinda ile iliyopandishwa juu ya paa kwa fahari.

Kasi gani, kwa nani

Boksi litakuambia pia megabiti 1,200 au 1,800 kwa sekunde. Kama intaneti inayofika kutoka kilima cha pili ni megabiti 10, na wanafunzi 40 wameunganishwa kwa mpigo, kila mmoja ana robo ya megabiti. Eksesi pointi ya megabiti 300 na ya megabiti 1,800 zitawapa robo ileile.

Ningeishia hapo na kusema nunua ya bei rahisi, kama si jambo moja. Shule inaweza kuweka kompyuta ndogo yenye Wikipedia nzima ya Kiswahili kupitia Kiwix, masomo ya Kolibri, vitabu na mitihani iliyopita, vyote vikisomwa bila kugusa intaneti. Hapo kasi ya Wi-Fi yenyewe ndiyo inayotumika, na eksesi pointi nzuri inaonekana thamani yake. Wazo si geni mkoani. Katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, mpango wa Vodafone Foundation na UNHCR wa madarasa ya intaneti ulikuja na tableti, umeme wa akiba na masomo yake, si Wi-Fi peke yake. Amua kwanza watu wataangalia nini, ndipo uamue kasi.

Jambo jingine linalosahaulika: hewa ni ya kushirikiana. Simu iliyo mbali, inayosikika kwa shida, hutumia muda mrefu kutuma kitu kidogo, na wakati huo wengine wanasubiri. Mtu mmoja aliye pembezoni anaweza kupunguza kasi ya darasa zima. Vifaa vizuri vina sehemu ya kuweka kiwango cha chini, kwamba simu inayosikika chini ya hasi 82, tuseme, isikubaliwe. Ni ukatili kidogo, na kwenye mkutano wa kijiji utaulizwa. Lakini dawa ya aliye mbali ni kumsogezea eksesi pointi yake. Ndiyo maana eksesi pointi tatu za kawaida, moja shuleni, moja zahanatini, moja sokoni, ni bora kuliko moja kubwa.

Chagua yenye gigahezi 2.4 na 5 kwa pamoja. Simu nyingi za bei nafuu bado husikia 2.4 pekee, na ndizo zilizojaa vijijini. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliosaidia kuanzisha mtandao wa jamii wa Kondoa walijaribu mawimbi matupu ya runinga, yanayopenya miti na kupinda milimani vizuri kuliko Wi-Fi. Hata hivyo simu hazina redio ya kuyasikia, kwa hiyo mwisho wa safari mtumiaji anahitaji Wi-Fi tu.

Kinachoua vifaa

Namba ya IP kwenye karatasi ya maelezo inaeleza kinga. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP54 huvumilia vumbi kiasi na mrusho wa maji. IP65 hairuhusu vumbi kabisa na huvumilia maji ya bomba. IP67 inaweza kuzama mita 1 kwa nusu saa. Kwa Kigoma usishuke chini ya IP65. Lakini kinga hiyo ni ya kifaa kilichofungwa sawasawa: ukiacha kifuniko cha plagi wazi, IP67 yako imegeuka ndoo. Kebo ishuke chini ya kifaa, ijikunje kidogo, ndipo ipande tena na kuingia, ili maji yadondokee kwenye mkunjo.

Kebo yenyewe inastahili sentensi zaidi ya inazopewa. Vifaa hivi hupata umeme kupitia kebo ileile ya mtandao, mfumo uitwao PoE, na ukomo wa kebo ni mita 100. Madukani kuna kebo za shaba halisi na kuna za aluminiamu iliyopakwa shaba, bei yake ikiwa ya kuvutia. Aluminiamu hukataa umeme kupita kwa karibu mara moja na nusu zaidi, kwa hiyo kifaa kilicho mwisho wa kebo ndefu hupata umeme pungufu na kuanza kujizima jioni, watumiaji wanapokuwa wengi. Kwaruza waya kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, rudisha. Angalia pia aina ya PoE: kuna ya kiwango, ambayo swichi na kifaa hukubaliana kwanza kabla ya umeme kutumwa, na kuna ile inayotuma volti 24 moja kwa moja bila kuuliza. Ukizichanganya, jambo jepesi kabisa ni kifaa kutowaka.

Sasa radi. Uchambuzi wa takwimu za setilaiti ya TRMM uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kivu, mashariki mwa Kongo, kuwa mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela pekee. Kakonko haiko Kabare, ila iko ukanda uleule wa Maziwa Makuu, na sisi tunasimika bomba la chuma juu ya kilima. Radi haihitaji kulipiga bomba lenyewe. Ikipiga karibu, kebo ndefu hugeuka antena na kuleta mshtuko hadi kwenye swichi. Weka kizuizi cha mshtuko kila mwisho wa kebo inayotoka nje, tumia kebo yenye ngao ya chuma, na unganisha bomba, ngao na vizuizi kwenye waya mmoja mnene unaoingia ardhini, ule mafundi wanaouita ethi. Kizuizi kisicho na ethi ni pambo.

Umeme wa sola unataka hesabu kabla ya kununua eksesi pointi, maana kila wati ya kifaa inageuka kilo za betri. Eksesi pointi ya wati 12 na redio ya kiungo ya wati 8 hula wati 20, yaani wati-saa 480 kwa siku. Jua la kutosha ni kama saa 4 na nusu kwa siku, na theluthi hivi hupotea njiani, kwa hiyo paneli isiwe chini ya wati 160, nenda 200. Kwa siku mbili za mawingu unahitaji wati-saa 960. Betri ya risasi haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo ni ampea-saa 160 za volti 12. Ukipata kifaa cha wati 7 kinachofanya kazi ileile, umepunguza robo ya yote hayo. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mradi wa BOSCO ulianza mwaka 2007 kwa kuunganisha kambi za waliokimbia vita kwa Wi-Fi ya masafa marefu na kompyuta za umeme mdogo zinazotumia sola. Hata jina lake, kwa kirefu, linataja betri.

Jaribu kabla ya kulipa

Majina utakayokutana nayo ni yaleyale: TP-Link, Ubiquiti, MikroTik ya Latvia, Cambium, Ruijie. Yote yana vifaa vizuri na vifaa visivyokufaa. Ningependelea kampuni ambayo duka la Mwanza au Kigoma mjini lina kipuri chake, kuliko iliyo bora kwa karatasi ambayo kipuri chake kinatoka ng'ambo.

Azima au kodi kifaa kimoja kabla ya kununua vitatu. Kifunge kwenye mwanzi mrefu pale nguzo itakapokaa, kwa urefu uleule, na betri chini. Kisha tembea. Chukua simu ya bei ya chini kabisa utakayoipata kijijini, usitumie yako. Fika zahanatini, ingia ndani, funga mlango kama unavyofungwa siku ya kazi. Usipakue kitu, pandisha. Tuma picha moja ya megabaiti 2 kwenda kwenye kompyuta iliyounganishwa na eksesi pointi, na uhesabu sekunde. Rudia sokoni, rudia chini ya mtelemko, rudia nyuma ya migomba, na andika kila namba kwenye daftari pamoja na mahali uliposimama. Kama unaweza, rudi tena asubuhi moja baada ya mvua, majani yakiwa bado yamelowa.